Mraba wa Kumi na Saba

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nilikwenda Kishapu mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa muda wa miaka kumi na moja niliamini kwamba nilichokiokota huko ni ripoti yenye jalada la buluu na alama nzuri ndani yake. Nilichokiacha huko ndicho ninachotaka kukisimulia hapa. Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni watu wa vina na mizani, na kosa nililolitenda ni kosa ambalo mtunzi wa mashairi angelitambua mapema kuliko mwanasayansi.

Nianze na kwetu, kwani safari ya Kishapu ilianzia huko. Nilizaliwa katika kijiji kilicho pembezoni mwa msitu wa Jozani, kisiwani Unguja. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akifuga ng'ombe wawili watatu, na kila alipompoteza mmoja hakuwa na haja ya kumwita bwana mifugo amweleze sababu. Ng'ombe aliyekonda ilhali majani yapo, manyoya yakamsimama na macho yakamtoka machozi, huyo alikuwa ameshikwa na ndorobo. Na aliyemletea ndorobo ni mbung'o wa msituni. Kwa bibi, msitu ulikuwa na kuni, dawa na mbung'o, na hakuona namna ya kuvipata viwili vya mwanzo bila ya kile cha tatu.

Kisha, kuanzia mwaka 1994, tukawa tunaona ndege ndogo ikipita juu ya minazi na msitu, ikiangusha visanduku vya karatasi ngumu. Ndani ya visanduku hivyo mlikuwa na mbung'o hai. Wazee walistaajabu, na wengine walikasirika: mtu anayesumbuliwa na mbung'o analetewa wengine kwa ndege? Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetufumbulia fumbo hilo. Mbung'o hao walikuwa madume waliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Tanga, wakapigwa mionzi iliyowafanya kuwa tasa. Mbung'o jike hatagi mayai mamia kwa mamia kama nzi wa jikoni. Hulea buu mmoja tu tumboni kwa siku tisa au kumi hivi, kisha humzaa na kumwacha ajifukie katika udongo laini wa kivulini. Tena aghalabu hupandwa mara moja tu maishani, na akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Ng'ombe walipakwa dawa kwanza, vitambaa vyenye sumu vikatundikwa msituni ili idadi ya mbung'o ipungue, na madume tasa wakaimaliza kazi iliyobaki. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwezi wa Septemba 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba Unguja haina mbung'o tena. Msitu haukukatwa. Kima punju walibaki matawini mwao, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikafanywa Hifadhi ya Taifa.

Nilitaka kuisoma elimu iliyoweza kufanya jambo kama hilo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonipeleka chuoni.

Sababu ya pili ni ami yangu, ingawa mwenyewe hakujua. Ami alikuwa mtunzi wa mashairi ya arusi na ya maulidi, mtu wa kijiji asiyejulikana nje ya kijiji, na baada ya sala ya alasiri alikuwa akinikalisha barazani kunifundisha kuhesabu mizani kwa vidole. Siku moja nilimletea shairi la zamani lililonakiliwa kwa hati za Kiarabu. Nikamwambia, kwa kiburi cha kijana aliyeanza sekondari juzi, kwamba mshororo wake wa tatu ni guni, hautimizi mizani. Ami hakukunja uso.

"Kabla hujauita guni," akasema, "hesabu tena. Kisha jiulize aliyeutunga alikuwa akitamka vipi."

Akanionyesha kwamba *m* ya *mtu* ina mizani yake peke yake, ilhali *m* ya *mbuzi* imeshikana na *b* na haihesabiwi. Akanionyesha kwamba hati ile ya zamani huficha mambo ambayo sikio la mwenye lahaja huyajua bila kuambiwa, na kwamba mimi nilikuwa nimeyasoma maneno ya watu wa mahali pengine kwa ulimi wa skuli yangu. Nilipohesabu tena kwa matamshi aliyonipa, kipande kikatimia mizani nane bila ya kupungua wala kuzidi. Nilicheka, tukasahau. Laiti nisingesahau!

Mlimani nilisoma katika Kitivo cha Sayansi, kilichofunguliwa mwaka 1965. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya seli na urithi, ya kuainisha mimea, ya wadudu waliochomwa pini na wanyama waliohifadhiwa ndani ya chupa, ya ekolojia na ya takwimu. Tulisoma yote kwa Kiingereza. Ulikuwapo ushoroba wa makabati ya mimea mikavu, kila mmea umebandikwa juu ya karatasi pamoja na jina lake la Kilatini, mahali ulipochumwa na jina la aliyeuchuma. Nilikuwa nikipenda kupita hapo kwa harufu yake tu. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe: achague swali, akusanye takwimu, aandike ripoti, aitetee mbele ya walimu. Uliitwa utafiti huru. Nililipenda sana neno hilo *huru*.

Nilichagua Shinyanga kwa sababu katika mhadhara mmoja wa ekolojia niliisikia historia iliyokuwa kinyume kabisa cha Jozani. Nyika za Usukuma nazo zilikuwa na mbung'o, na mmoja wao, *Glossina swynnertoni*, alipewa jina hilo mwaka 1923 kwa heshima ya Charles Swynnerton, mkuu wa wanyamapori wa Tanganyika ya Waingereza, aliyekifanya Shinyanga kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o. Elimu ya wakati ule ilisema kwamba mbung'o hawezi kuishi bila kivuli. Hilo ni kweli hadi leo. Basi ikaamuliwa kivuli kiondolewe. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya wanaume wa Kisukuma waliitwa kupitia kwa watemi wao, wakafyeka na kuchoma vichaka, maili baada ya maili. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kazi haikusimama.

Mbung'o walirudi nyuma kweli. Watu na ng'ombe wakasonga mbele, na pamba ikafuata. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, akaipata almasi ya Mwadui, mahali ambapo leo ni ndani ya Wilaya ya Kishapu. Miti iliyosalia ikaendelea kupungua kwa kuni, kwa mashamba na kwa kwato. Zilipokuja operesheni za vijiji katika miaka ya 1970, watu walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika wakakusanywa pamoja, na malisho waliyokuwa wakiyatunza karibu na nyumba yakabaki mbali bila ya mwenyewe. Kufikia mwaka 1984, Mwalimu Nyerere alipouzuru mkoa huo, Shinyanga ilikuwa ikiitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche ya vitaluni. Baadaye waliona kwamba Wasukuma wenyewe walikuwa na dawa ya zamani iliyolala: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, majani na vichipukizi vipate kukua. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, wakati kwingine kote kumekauka. Huwa ya kaya au ya kijiji, na ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa dagashida, baraza la kimila, na sungusungu. Ardhi ikifungwa hivyo miaka kadhaa, visiki vilivyodhaniwa vimekufa huchipua. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia hazikufika hekta 1,000. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mimi nilitaka kujua jambo dogo: ndani ya ngitili moja iliyofungwa tangu miaka ya themanini, ni miti gani imerudi, na imerudi kwa wingi gani?

Gari la moshi lilinichukua kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora hadi Shinyanga, na kutoka hapo nikapanda basi dogo hadi Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, wilaya iliyoanzishwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Mimi niliyekulia chini ya minazi na miembe sikuwahi kuona mbingu kubwa kiasi kile. Kijiji nilichopelekwa sitakitaja. Nilipewa chumba katika mji wa mzee mmoja aliyekuwa katika kamati ya ngitili, mwenye miaka kama themanini, mrefu na mkavu, asemaye Kiswahili kidogo na Kisukuma kingi. Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, alifanywa mkalimani wangu baada ya saa za skuli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuamkia *mwangaluka* asubuhi, na kumwita babu yake *guku*.

Guku alinichukua kwanza kunionyesha udongo. Ardhi ya huko imepangika kwa ngazi kutoka vilimani hadi bondeni, kila ngazi na udongo wake. Mwaka 1935 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la katena, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani. Guku hakuwahi kulisikia, lakini alikuwa na jina la kila ngazi: luseni ni ule mchanga wa juu, ibambasi ni ule mgumu usiopitisha maji, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa mvua. Alivitaja huku akivigusa kwa ncha ya fimbo. Niliyaandika majina hayo pembezoni mwa kijitabu changu kama mambo ya kupendeza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kamba. Nilikuwa na kamba ya mita 80 niliyoifunga mafundo manne, ikitandazwa ikawa mraba wa mita 20 kila upande. Sehemu za kuutandaza nilizichagua kwa jedwali la namba za nasibu, ili jicho langu lisipendelee mahali penye kivuli kizuri au njia rahisi. Miraba ilikuwa 24. Ndani ya kila mmoja nilihesabu miti yote, nikapima kipenyo cha kila shina, nikahesabu na miche iliyo chini ya goti. Guku alikuwa akitaja jina la Kisukuma, mjukuu akalirudia polepole, mimi nikaliandika kama nilivyolisikia, kisha nikatafuta jina la Kilatini kitabuni. Aghalabu mambo yalikuwa ya aina moja: migunga ya umri mmoja, myembamba, ya kufikia juu ya kichwa, imesimama karibu karibu kama watoto wa skuli mistarini. Kwa jioni kadhaa sikuchoka kufurahi. Kila mraba ulikubaliana na mwenzake, na mimi nikawa namwona mtahini akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mraba wa kumi na saba ulikataa. Namba za nasibu ziliutupa kwenye kona ya mashariki, juu kidogo ya mbuga. Ndani yake mlikuwa na mibuyu miwili na mikwaju minne, mikubwa hata mikono yangu miwili haikuweza kuikumbatia mikwaju hiyo. Mgunga hata mmoja haukuwamo. Udongo wake ulikuwa mweusi na mwororo kuliko wa jirani, na majani yaliota hadi kiunoni. Nilipima, nikaandika, nikanung'unika.

Guku aliketi chini ya mkwaju mmoja akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kisukuma, huku akielekeza fimbo upande huu na upande huu. Mjukuu, aliyekuwa amechoka na ana njaa, alinipa yote kwa sentensi moja.

"Guku anasema walikuwa wakikaa hapa."

Nikasema ahsante. Jua lilikuwa likizama na nilikuwa na mraba mwingine wa kumaliza. Kijitabuni, mahali pa maelezo, sikuandika kitu.

Niliporudi Mlimani na kuziingiza namba katika kompyuta, mraba wa kumi na saba ulinivurugia kila kitu. Mikwaju minne na mibuyu miwili ilipandisha wastani wa vipenyo hadi ukawa hauelezi mti wowote uliokuwapo, na mkengeuko ukawa mpana hata jedwali likaonekana kama la mtu asiyejua kupima. Nilikesha usiku mmoja nikiliangalia. Kisha nikaufuta. Matokeo yakakaa sawa, mstari wa grafu ukanyooka, nami nikaandika sentensi moja: mraba wa 17 umeachwa kwa kuwa hauwakilishi eneo la utafiti. Kwenye ramani niliweka nukta 23, na kona ya mashariki ikabaki nyeupe.

Wanafunzi wa biolojia wanaosoma haya wataniambia kwamba kuacha kipimo kimoja si dhambi, na kwamba hata wakubwa hufanya hivyo. Ni kweli, pale ambapo mizani ya maabara iliharibika au chupa ilivunjika. Mimi sikuwa na sababu ya namna hiyo. Nilikwisha kuziona namba ndipo nikaamua, na niliamua kwa sababu zilinikera. Tena palikuwapo na ishara ya kunizuia. Katika miraba mitatu ya jirani nilikuwa nimehesabu miche ya mikwaju, na katika ripoti niliandika kwamba chanzo cha mbegu zake hakikujulikana. Chanzo nilikuwa nimekipima kwa mikono yangu, nikakifuta. Msimamizi wangu aliuliza juu ya kona ile nyeupe. Nikajibu kwamba mahali hapo pamevurugwa na watu, akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda na yeye hakwenda.

Nilikuwa nimeahidi kupeleka nakala kijijini, na ahadi hiyo niliitimiza kwa posta. Ilikuwa kwa Kiingereza. Nikajiona muungwana.

Nilirudi Kishapu mwezi wa Agosti 2014. Nilikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Unguja, na rafiki wa chuoni alikuwa akioa Mwanza. Nikakata shauri kupita kumsalimu guku. Guku alikuwa amekwisha kufariki. Aliyenipokea ni yule mjukuu, sasa mwanamke wa miaka 23 mwenye mtoto mgongoni, aliyenitambua kabla sijajitaja.

"Karibu, kaka. Ni wewe wa kamba."

Baada ya chakula nilimwomba anipeleke ngitili. Tulitembea bila ya kusema sana. Sehemu kubwa ilikuwapo na imeneemeka. Migunga niliyoipima ikiwa bakora ilikuwa sasa inatoa kivuli cha kumtosha mtu kulala. Tulipofika kona ya mashariki, nilisimama. Mikwaju yote minne haikuwapo. Palikuwa na visiki, na duara nyeusi za tanuri la mkaa, na upande wa pili mabua ya pamba ya msimu uliopita. Mibuyu ilikuwa imesimama, maana mbao yake ni kama sifongo na haifai kwa mkaa.

Hapo akanisimulia yale ambayo guku alisema siku ile. Alikuwa na miaka kumi na miwili, hakupata nguvu ya kuyafasiri, lakini hakuyasahau.

Pale palikuwa mji wa baba yake guku. Wakati wa kufyeka kwa ajili ya mbung'o, guku alikuwa mtoto wa kuwapelekea wakataji maji. Aliona vichaka vyote vikianguka hadi mtu akaweza kumwona mtu aliye mbali kabisa. Baba yake aliwasihi wakataji waiache miti ya uani, kwa kuwa mikwaju ilikuwa ya chakula na mibuyu ilikuwa ya mizimu, nao wakaiacha. Zizi la ng'ombe lilikuwa pale pale, na samadi ya miaka mingi ndiyo iliyoufanya udongo ule kuwa mweusi. Miaka ya sabini walipohamishwa, nyumba zilibomolewa na wao wakaenda kijijini. Nyuma yao walibakisha mahame, miti na makaburi matatu. Mji ulipokwisha kuwa msitu tena, guku mwenyewe ndiye aliyesema sehemu hiyo iingizwe ndani ya ngitili, ili walalao pale wasilimwe.

"Na ilikatwaje?" nikauliza.

Alinyamaza kidogo. Akasema kwamba baada ya guku kufariki palikuwa na haja ya mashamba, ikaonekana sehemu ya ngitili imegwe. Watu wakabishana wamege upande gani. Ramani yangu ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini. Kiingereza chake hawakukisoma, lakini nukta waliziona. Mmoja akasimama akasema, hata mtaalamu aliyetoka chuo kikuu alipima kote, na kona hii hakuona kitu.

"Sisemi ramani ndiyo iliyoikata, kaka," akasema. "Wangeweza kuikata hata bila ya ramani. Ila sisi hatukuwa na karatasi ya kujibu ile."

Makaburi tuliyaona, mawe matatu kando ya mbuyu. Aliyelima pamba alikuwa ameyazunguka kwa hatua chache.

Usiku ule nililala katika chumba kile kile cha mwaka 2003, nikamkumbuka ami. Nilikuwa nimeukuta mshororo usiotimia nikauita guni, nikaufuta ili shairi linyooke. Sikuhesabu tena. Sikuuliza aliyeutunga alikuwa akitamka vipi, ingawa mwenyewe aliketi mbele yangu chini ya mkwaju akinitamkia. Na lile neno *huru* lililonipendeza likaanza kunisumbua. Chumba kilikuwa cha guku, na ugali ulikuwa wake. Majina ya miti yalikuwa yake, na ulimi ulioyafikisha kwangu ulikuwa wa mtoto wa skuli mwenye njaa. Changu kilikuwa kamba.

Kijitabu cha kumbukumbu nilikuwa nacho bado nyumbani, na vipimo vya mraba wa kumi na saba vimo ndani yake, kwa kuwa niliufuta kwenye kompyuta tu. Niliporejea Unguja nilianza kazi upya. Niliurudisha mraba ule mahali pake, nikaacha kutafuta wastani mmoja wa eneo zima. Nikaligawa eneo kama lilivyogawika lenyewe: mahame upande mmoja, nyika iliyofyekwa upande wa pili. Miche ya mikwaju ikaeleweka papo hapo. Ukwaju huliwa na watoto, mbuzi na tumbili, na kokwa zake hutemwa au huangushwa njiani. Miraba mitatu ya jirani ilikuwa katika njia ya kutoka mahame kwenda kisimani. Miti iliyonusurika mwaka ule wa kufyeka ndiyo iliyokuwa ikiurudisha mkwaju katika ngitili. Ni jambo dogo kwa sayansi, na wengine wamekwisha kuandika makubwa zaidi juu ya miti ya mahame. Lakini lilikuwa ndilo jibu la swali langu la mwaka 2003, nami nilikuwa nimelitetea jibu jingine mbele ya walimu.

Jambo moja lilinichekesha katika kazi hiyo. Majina ya Kilatini niliyoyaandika kwa makini yalikuwa yamekwisha kubadilika. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ulioukubali uamuzi huo, uliwaachia Waaustralia jina la *Acacia*. Migunga yangu ya *Acacia nilotica* na *Acacia tortilis* ikawa *Vachellia*, na *Acacia polyacantha* ikawa *Senegalia*. Katika ripoti yangu yote, majina ambayo hayakuhitaji kusahihishwa ni yale niliyoyaandika pembezoni.

Niliyaandika yote kwa Kiswahili, kurasa sita, pamoja na ramani ya nukta 24. Jedwali la miti lilikuwa na safu tatu: Kisukuma, Kiswahili, Kilatini. Mwezi wa Julai 2015 nilizipeleka mwenyewe. Nakala moja niliipeleka ofisini, na ikabandikwa juu ya ile ya zamani. Nyingine tulikwenda kuisoma chini ya mbuyu, mimi na mjukuu wa guku na watu wanane wa ukoo wao. Nilisoma kwa sauti, polepole. Mikwaju haikurudi kwa kusomwa, na hakuna aliyejifanya kwamba itarudi. Mzee mmoja aliuliza kama karatasi ile inaweza kuonyeshwa siku watu watakapokuja tena na panga. Nikamwambia inaweza, na kwamba sijui itazuia kiasi gani. Akaikunja nne, akaitia mfukoni.

Hivi leo ninapowapeleka wanafunzi wangu Jozani kutandaza kamba, karatasi zao zina safu moja zaidi kuliko ilivyokuwa yangu. Imeandikwa juu yake: *Mwenyeji amesema nini?* Wengi huiacha tupu mwanzoni, nami nawarudisha waende wakaulize. Mmoja aliniambia kwamba bibi kizee wa Pete alisema naye saa nzima juu ya ng'ombe waliokufa kabla yeye hajazaliwa, nayo haihusiani na miche anayoihesabu. Nilimwambia aandike.

Siku ile chini ya mbuyu, nilipokwisha kusoma, mjukuu wa guku aliichukua karatasi akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini. Alikifikisha kidole kwenye jina la mti tuliokuwa tumeuegemea.

"Hapa umekosea, kaka," akasema. "Umeandika *ngwandu*. Sisi tunasema *ng'wandu*."

Akalitamka mara mbili, nami nikalirudia hadi aliporidhika. Kisha nikatoa kalamu.